Marashi Juu ya Mashine ya Mwisho

Mimi sisahau, na hilo ndilo linalonigombanisha na watu. Hapa kwenye jengo letu Michenzani wananiita Makungu Mdomo, na wananiita hivyo mbele yangu, maana wanajua jina halitanikasirisha. Ninayo ya kunikasirisha makubwa zaidi, na moja ni hili la kompyuta.

Zililetwa mwaka 2006. Nakumbuka turubai, nakumbuka viti vya kuazima, nakumbuka mgeni aliyekata utepe na mheshimiwa aliyesema kwamba kuanzia siku ile mtoto wa Michenzani na mtoto wa Ulaya wanakaa dawati moja. Kompyuta nane, nyeupe, kila moja kioo chake kimo humo humo ndani, mgongo mkubwa, ukiibeba unahema. Tukapiga makofi. Nami nilipiga makofi, na mpaka leo viganja vinaniwasha nikikumbuka. Kwa sababu jambo ambalo mgeni hakulisema na mheshimiwa hakuliuliza ni kwamba kompyuta zile zinaendeshwa na chipu, yaani ubongo wa mashine, iitwayo PowerPC, na mwaka mmoja kabla ya utepe kukatwa, kampuni iliyozitengeneza ilikwisha kutangaza kuwa inaiacha chipu hiyo na kuhamia nyingine. Tulipewa maiti iliyokuwa bado ina joto, na tukaipokea kwa vigelegele.

Wala si mara ya kwanza. Haya majengo tunayolala yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo leo ukiitafuta kwenye ramani huioni. Kikikatika kitasa cha asili cha dirisha, umwandikie nani? Sisi ni watu wa kupewa vitu ambavyo mwenyewe keshaviaga.

Haya yote sikuyajua siku ile. Nimeyajua baadaye, peke yangu, kwa kusoma na kufungua na kuharibu na kufunga tena, maana chuo sijakiona ila kwa nje. Nilipewa ufunguo wa chumba cha chini kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Nikafundisha watu wa jengo kuandika, kutuma barua, kutafuta. Kisha programu mpya zikaanza kukataa kuingia. Baadaye tovuti nazo zikakataa kufunguka, leo hii, kesho ile, kama marafiki wa mtu aliyetolewa kazini.

Kilichotuvusha ni Linux. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoandikwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia. Unauchukua, unauweka, humpigii mtu magoti. Mashine ambayo mwenyewe kaitupa, Linux inaiambia kaa, kazi ipo. Nikaziwekea zote nane, na tukaenda hivyo miaka. Lakini hata huko nako watu walichoka. Matoleo makubwa yakaifuta PowerPC katika hesabu zao, wakabaki wabishi wachache duniani wanaoijengea programu kwa mikono yao. Mmoja ni mzee wa Poland. Sijapata kumwona sura. Nilikuwa nikimwandikia kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, naye ananijibu kwa chake, na tukaelewana kuliko ninavyoelewana na watu wa ofisi zetu.

Basi mwaka huu akaja Bwana Sabri, kijana wa ofisi inayosimamia vyumba. Ana adabu, sitamsingizia. Alinieleza kwamba siku hizi huduma zote zinapita kwenye mfumo wa serikali mtandaoni, na kituo cha kompyuta kisichoweza kuufungua mfumo huo wakubwa zake hawakihesabu kuwa kituo. Atarudi Alhamisi. Nimwonyeshe mashine moja tu inayofungua ukurasa ule, naye ataandika kuwa chumba kinatumika na tutaachiwa. Nisipomwonyesha, chumba kinarudi kwao. Hakuniambia kinakwenda kwa nani, lakini mimi si mgeni hapa. Mtu wa makochi, anayetafuta duka, alikwishapita mara mbili kuupima mlango kwa utepe wake.

Mashine moja, na kweli niliyokuwa nayo hai ilikuwa moja. Zile saba zilikwisha kuvimba vile vikopo vidogo vya umeme ambavyo mafundi huviita kapasita, nami nilizichinja moja baada ya nyingine ili ya nane iishi. Hiyo ya nane ilikuwa na moyo wa hii na mapafu ya ile, na ilikuwa na sharti: ukiizima, huna hakika kama itawaka tena. Kwa hiyo haikuzimwa. Niliifunga kwenye betri ya gari na inveta umeme usije ukaiponza, na matundu yake ya juu, yale inayopumulia joto, niliyaacha wazi.

Programu ya kufungulia mtandao ilibidi ijengwe humo humo ndani, mashine inatafuna maandishi mchana kutwa, inakwama, nnarekebisha, inaanza tena. Mzee wa Poland alinitumia viraka vyake, vipande vya programu vya kuzibia kasoro. Jumanne adhuhuri ukurasa wa serikali ukafunguka.

Ulifunguka, lakini kwa rangi zake wenyewe. Hii PowerPC huzisoma nambari kuanzia upande ambao chipu za leo zinamalizia; ni kama barua ya herufi za Kiarabu umpe mtu aanze kuisoma kushoto. Kwenye picha basi nyekundu inakuwa buluu na buluu inakuwa nyekundu. Yule bwana mkubwa ambaye picha yake imewekwa juu ya ukurasa akitabasamu, uso wake wote ulikuwa buluu.

Bi Shahida wa ghorofa ya pili alikuwa wa kwanza kuja kutazama. Ni mjane, na ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza. Alijifunza kuandika kwenye kompyuta ili amwandikie binti yake aliyeolewa Muskati, na tangu hapo hakuna darasa lililokaa bila chai yake. Akaweka miwani, akainama.

"Makungu, huyu bwana kazama?"

"Hakuzama, bibi," akasema Nassra, jirani yake, aliyemfuata nyuma. "Ni baridi ya kiyoyozi cha ofisini."

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Nilikuwa sijacheka hivyo chumbani mle muda mrefu, na ilikuwa kwa sababu niliona tumepona. Buluu si buluu, ukurasa unafunguka, na Bwana Sabri hakusema lolote kuhusu rangi.

Bi Shahida akasema lazima tusome dua. Neema kama hii haipokewi kimya. Nilikataa. Nilimwambia chumba kidogo, joto, mashine ni mgonjwa. Akavua miwani, akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekataa kula.

"Wewe umesema na wakubwa wote, Makungu, na hakukusikia hata mmoja. Tuachie na sisi tumwambie aliye mkubwa wao."

Nikakubali, ila kwa masharti, na masharti yangu niliyatangaza mlangoni kama kwenye mkutano. Sahani zikae nje. Watoto wasiingie. Mtu asiifunike mashine kwa kanga kwa kuiona imekaa uchi, itakosa pumzi. Mtu asiguse swichi yoyote. Hata udi niliufikiria: chetezo kikae pembe ya mbali, chini ya dirisha, moshi utoke. Wanawake wakaitikia, na nawapa haki yao, hakuna aliyevunja sharti hata moja.

Marashi sikuyataja, kwa sababu hayakunijia. Na nakwambieni, hata angekuwa nani angeyasahau. Hakuna mtu wa Unguja anayeyahesabu marashi kuwa maji. Maji ni ya bomba, maji ni ya mvua. Marashi ni heshima. Shughuli ikifika mwisho, mrashi unatolewa, watu wanakunjua viganja, wananyunyiziwa, wanajipaka usoni, na hapo ndipo unapojua kwamba jambo limefungwa vizuri.

Jumatano baada ya alasiri walisoma. Mimi nilikaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, nikiisikia feni ya mashine chini ya sauti zao. Walisoma vizuri. Nilikuwa karibu kusahau hasira zangu. Wakamaliza, wakaitikia amina, na Bi Shahida akasimama na mrashi wake wa fedha wenye shingo ndefu aliorithi kwa mamake. Akaanza na Nassra, akapita kiganja kwa kiganja, taratibu, bila kumruka mtu. Harufu ya waridi ikajaa chumba. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa amefika kwenye meza. Akasimama mbele ya mashine, akaitazama, nayo inamtazama na yule bwana wake wa buluu.

"Na wewe, mwanangu," akaiambia, "mfanyie kazi mzee wako kesho asiaibike."

Akainua mkono.

Mimi niliyewahi kumkatiza mheshimiwa mmoja mkutanoni katikati ya hotuba yake, mimi waliyenifunga jela kwa sababu sikunyamaza, mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Mkono ulishuka mara tatu, juu kabisa, pale kwenye matundu. Kikasikika kishindo kidogo, tak, kama mtu aliyevunja kijiti. Picha ikajikunja ikawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikazimika. Harufu ya waridi ikachanganyika na ya kitu kilichoungua.

Bi Shahida akaushusha mrashi polepole.

"Jicho," akasema. "Jicho hilo. Nshasema tusome mapema, marashi yatangulie. Tumechelewa."

Nassra akasema atakuwa mtu wa makochi, alivyouangalia mlango siku ile. Wengine wakaitikia kwamba naam, yule macho yake si mazuri. Wakakusanya majamvi wakitukana hasidi wasiyemjua, na mmoja mmoja akanipa pole kama ya msiba. Bi Shahida alinishika mkono akaukamata muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alikuwa analia kwamba dawa yake imefika baada ya ugonjwa.

Nikaifungua kabla jua halijazama. Sina haja ya kueleza nilichokiona. Palipokuwa na ubao wa umeme palikuwa na doa jeusi lenye unyevu, na lilinukia arusi. Cha kubadilishia sikuwa nacho, maana zile saba nilikwisha kuzila. Nikamwandikia mzee wa Poland kwa simu. Jibu lake lilikuja upesi na lilikuwa fupi. Ubao ule hautengenezwi tena popote, na aliokuwa nao wa akiba aliutumia mwenyewe. Yeye pia kabakiwa na mashine moja, na anaogopa kuizima.

Alhamisi asubuhi Bwana Sabri akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Hotuba nilikuwa nayo tayari, na si ya usiku mmoja. Niliibeba tangu ule utepe. Nilitaka kumwambia turubai, viti, makofi, chipu iliyoachwa na mwenyewe, majengo ya nchi isiyokuwepo, na ofisi yao ambayo haikuwahi kutuletea hata waya na leo inatuletea mtihani. Nilikuwa na tarehe zote. Nikaianza, na nilikuwa naanza kupata moto.

Akaniuliza, kwa upole kabisa: "Ilikuwa inafungua?"

"Juzi imefungua."

"Imekufa lini?"

"Jana."

"Imekufa kwa nini?"

Bi Shahida alikuwa mlangoni na sinia la chai. Vikombe vilikuwa vinagongana kidogo, mikono yake siku hizi inatetemeka. Mwaka walionifunga, ni yeye aliyekuja kila asubuhi na chupa ya chai mpaka askari wakamzoea wakawa wanamwita mama. Akanitazama akisubiri niseme, kama alivyozoea kunisikia nikisema.

Nilimtafuta wa kumlaumu. Maisha yangu yote nimempata. Wapo, majina yao nnayo, miaka yao nnayo. Lakini swali la kijana lilikuwa jepesi, na jibu lake la kweli lilikuwa limesimama mlangoni limeshika sinia.

"Uzee," nikasema.

"Jicho, mwanangu," akasema Bi Shahida. "Andika jicho."

Bwana Sabri hakucheka. Alinusa hewa, akatazama mashine, akatazama sinia, kisha akanitazama mimi, na nadhani alielewa. Akanywa chai yake akaimaliza. Akasema yeye katumwa tu, na kama ingekuwa juu yake, lakini si juu yake. Tuondoe vitu vyetu kabla ya Jumatatu.

Hotuba yangu nimebaki nayo. Nikiianza mbele ya mtu yeyote, itafika pale pale, nitaulizwa ilikufaje.

Jumamosi alikuja hamali na gari lake. Tukazipanga zote nane, hai haikuwemo, kama watu waliolala chali. Mtu wa makochi alikuwa amekwisha kuteremsha matakia yake barazani, yamefungwa kwenye plastiki, akatuamkia vizuri tu. Naye sijui alifanya nini, maskini, zaidi ya kupima mlango.

Hamali alipotaka kusukuma, Bi Shahida akaita kutoka ngazini tumngoje. Akashuka kwa kuegemea ukuta, na mrashi mkononi. Akaliendea gari. Akainyunyizia ya kwanza, ya pili, akaenda nazo mpaka ya mwisho, juu kwenye matundu, bila kubania, maji ya waridi yakitiririka kwenye migongo myeupe.

"Leo nimewahi," akaniambia.

Kisha akanigeukia mimi. Nikakunjua viganja.