Miguu ya Mke wa Tabibu

Kwa miaka kumi na mmoja nilitwanga dawa kwa Tabibu Agashe, pale mjini Wai, India, kwenye nyumba ya mawe iliyo nyuma ya ngazi za mto. Jikoni mwao sikuwahi kuingia, maana mimi si wa tabaka lao. Uani ndiko kulikuwa kwangu, na uani ndiko nilikoyaona haya yote.

Tabibu alisifika. Watu walitoka Satara, wakatoka hata jiji la Pune, wakakaa barazani tangu alfajiri wakingoja awashike mkono na kusikiliza mapigo. Hakuwa tapeli, nisimsingizie. Mwenye fizi zinazovuja damu alipewa avla, yale matunda ya kijani machachu, na alipona. Mtoto mwenye matege aliambiwa apakwe mafuta ya ufuta, alazwe juani kila asubuhi. Wazee waliochoka aliwaamuru maziwa, mtindi, samli, majani ya mlonge.

"Vitamini mnazozitafuta dukani," alipenda kusema, "Mungu keshaziweka kwenye ng'ombe, kwenye jua na kwenye mti. Kuleni tu!"

Mkewe hakula.

Aliitwa Vasudha, binti wa pwani ya Konkan, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba hata akikuna nazi. Miaka miwili ilipita bila mimba. Mama yake Tabibu, ambaye sote tulimwita Bibi, na ambaye funguo za kabati la maziwa zilining'inia kiunoni mwake, akamwendea mwanawe.

"Mkeo ana mwili wa baridi na kohozi," alisema. "Maziwa yanamzidishia. Ndiyo maana tumbo halishiki."

Tabibu akamshika mkewe kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, wala hakumtazama usoni.

"Mama kasema kweli. Maziwa, mtindi na samli asiguse. Na afunge Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi."

"Mpaka lini?" Vasudha aliuliza.

"Mpaka uzae," Bibi alijibu.

Nyumba yao haikuonja nyama wala yai tangu enzi za mababu. Ukimnyima maziwa mtu wa nyumba ile, umebakiza nini? Vasudha alikula wa mwisho, wenzake wakishanawa: ukoko wa wali na achari. Alikula hivyo miaka minne.

Na kila majira ya baridi yeye ndiye aliyekoroga lile sufuria kubwa la shaba pale uani, avla, sukari guru, samli na viungo, siku nzima, mpaka mikono ikavimba. Dawa ile ya kutia nguvu ndiyo iliyompa Tabibu jina. Bibi aliweka kigoda chake karibu na moto amlinde asionje.

Siku moja akamwambia, "Hebu toa ulimi."

Vasudha akautoa. Ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, laini, unang'aa.

"Umelamba! Ulimi umekubabuka kwa wizi!"

"Mama, naapa sijaonja. Unaniuma wiki ya tatu sasa. Hata chumvi siiwezi."

Bibi akachukua upawa uliokuwa ndani ya sufuria, wa moto vile vile, akampiga nao mdomoni. Mimi niliendelea kutwanga.

Baada ya mwezi Vasudha alinijia chini ya mlonge, akakaa chini kwa taabu.

"Dada Shevanta, miguu yangu inatembewa na sisimizi. Usiku hata sijui kama nina nyayo."

Mchi ulinisimama mkononi. Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Miaka saba nyuma, kabla Vasudha hajaolewa, Bibi mwenyewe alilia hivyo hivyo: sisimizi miguuni, ulimi mwekundu, anajigonga kwenye kuta. Siku zile alikuwa kwenye mfungo wake mrefu wa ujane, hanywi maziwa. Tabibu alimpeleka hospitali ya Pune kimyakimya. Tangu waliporudi, kila wiki nilikabidhiwa vichupa vidogo vya sindano nikavizike nyuma ya kisima. Nilisoma hadi darasa la nne, niliyaona maandishi. Vitamini B12. Bibi akapona, akarudi kwenye maziwa, na mji mzima ukaambiwa kapona kwa avla. Baraza likafurika.

"Shevanta," Tabibu aliniambia siku zile, "ulimi wako na kazi yako viko mfuko mmoja."

Basi nilimwambia nini Vasudha? Nilimwambia, "Jipake mafuta ya ufuta, mdogo wangu. Itapita."

Akanishukuru.

Haikupita. Akaanza kutembea kwa kutanua miguu kama mtu aliye kwenye tope. Bibi akacheka mbele ya wagonjwa: "Mtazameni bata wetu! Mtoto hana, lakini mwendo wa mjamzito anao!" Wengine nao wakacheka. Tabibu alikuwa anaandika dawa, hakuinua kichwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa msimu. Baraza limejaa. Vasudha na mimi tulilitegua sufuria motoni, yeye upande wake, mimi wangu. Goti lake likakunjika. Sufuria likapinduka, na ule uji mzito, mweusi, unaochemka, ukamwagika juu ya miguu yake yote miwili.

Mimi niliruka nikapiga kelele. Yeye alibaki amesimama ndani yake. Alikuwa ananitazama mimi, ana wasiwasi, ananiuliza, "Umeungua, dada? Umeungua?"

Ngozi ya miguu yake ilikuwa inachubuka na hajui.

Bibi alitoka mbio, akapiga magoti, akaanza kukomba dawa kwa viganja airudishe kwenye sufuria. "Kazi ya msimu mzima! Mwanaharamu wewe, kazi ya msimu mzima!"

Tabibu naye akaja. Aliitazama miguu ya mkewe kwa muda mrefu. Kisha akachukua mwiba wa mlimau uliokuwa chini, akauchoma kwenye unyayo, polepole, mpaka damu ikatoka. Vasudha hata hakukunja kidole. Nilimwona Tabibu akielewa. Niliuona uso wake ukijua kila kitu, na ugonjwa, na dawa yake, na njia ya kwenda Pune.

Kati ya wagonjwa alikuwapo Mwalimu Dongre, mstaafu. Akasema kwa sauti, "Tabibu, huyu wa hospitali. Leo hii."

"Ni kuungua kidogo tu," Tabibu akajibu. Akageukia baraza, akatabasamu. "Mke wa Agashe akachomwe sindano, ninyi mtakuja kwangu kutafuta nini?"

Akampaka samli kwenye vidonda. Ilikuwa samli ya kwanza kumgusa katika miaka minne.

Mwalimu Dongre ndiye aliyempigia simu Sadanand, kaka yake Vasudha. Alifika siku ya tatu, hakuvua viatu, akambeba dada yake mgongoni kama mzigo wa majani. Bibi akamfuata hadi mlangoni: "Bangili ni za nyumba hii!" Vasudha akazivua, akazidondosha kizingitini.

Hospitalini walimdunga sindano zile zile. Daktari akamwambia Sadanand kwamba mishipa ya miguu imeharibika kwa kukosa vitamini iliyo kwenye maziwa; angeletwa miezi sita mapema angetembea kama watu. Sasa ulimi utapona, vidonda vitapona, miguu haitapona yote.

Tabibu alioa mwingine mwaka uliofuata. Baraza halikupungua hata mtu mmoja.

Mimi nilikaa na jambo langu hadi likanishinda. Nikapanda basi kwenda Konkan. Nilimkuta kwenye kibaraza cha kaka yake, magongo mawili pembeni, anachambua maharage. Alifurahi kuniona, akaniita dada, akanisogezea mkeka. Nikashindwa kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: Bibi, Pune, vile vichupa nyuma ya kisima.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile chini ya mlonge," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nijipake mafuta."

"Nina watoto watatu, Vasudha. Mume sina. Angenifukuza."

Akaokota harage bovu, akalitupa uani. Akaokota jingine. Nilidhani atalia, au atanirushia gongo; ningefurahi angenirushia.

"Wifi!" akaita kuelekea ndani. "Mpe mgeni chai. Kisha mwonyeshe njia ya stendi, basi la mwisho linaondoka saa kumi."

Chai ililetwa, yenye maziwa mengi. Niliinywa yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilikuwa na kiu, na yeye hakunitazama tena.