Mstari wa Juu

"Mwalimu, mbona imenikata jina?"

Mwanafunzi wa dawati la nyuma aliandika majina yake mawili, programu yake ikamkaribisha kwa la kwanza tu. Mwalimu wa programu za Java akainama, akaona alichotarajia: amri ya next, inayosoma neno moja, mahali pa nextLine, inayosoma mstari mzima. Alimwonyesha pa kubadilisha, kisha akabaki amesimama hapo, macho kwenye skrini. Kosa lile humkumbusha fundi, na fundi hayupo tena, na anamkumbuka mno.

Mwalimu alikuwa binti wa shule alipomjua, mama yake ameolewa tena na fundi cherehani huyo. Mtu mpole, mwingi wa utani, asiyejua kununa. Alimtafutia kompyuta kuukuu, akaiweka kwenye meza yake ya kukatia nguo, yeye akawa anakatia sakafuni. Hata hivyo binti alimwita "fundi", kama wateja. Neno "baba" lilimkwama kooni. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kaburini. Fundi hakumlazimisha hata siku moja. Ila watoto wa jirani walipompokea baba yao kwa kelele nje, cherehani ilinyamaza kidogo, na binti alisikia ikinyamaza.

Jioni moja akamaliza programu yake ya kwanza yenye kuuliza na kujibu.

"Fundi, njoo uijaribu."

Fundi akavuta kiti, akapandisha miwani. Skrini ikauliza: Wewe ni nani?

Swali jepesi, lakini alilifikiria kweli kweli. Kisha kwa kidole kimoja, akiwinda herufi moja moja, akaandika: baba wa kambo. Akabonyeza Enter. Majibu yakamwagika yote kwa mkupuo.

Karibu nyumbani, baba.
Utakunywa nini?
Haya, wa inakuja.

Fundi akaangua kicheko. "Sasa hiyo wa inanywewa ya moto au ya baridi? Na mbona haikunisubiri hata nijibu?"

Binti uso ulimshuka. Alieleza haraka haraka: amri aliyotumia inasoma neno moja tu, inaishia penye nafasi. Maneno yaliyobaki yanangoja, na swali la pili likaja likadaka "wa" na kulifanya jibu.

"Nitarekebisha sasa hivi, isome mstari mzima."

"Rekebisha, ndiyo," alisema fundi. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Akaanza kuokota nyuzi kwenye suruali yake, hata zisizokuwepo. "Huo mstari wa kinywaji rekebisha. Huo wa juu..."

Fundi alijifanya anatafuta futi yake, nayo ilikuwa shingoni.

Binti alishaweka vidole kwenye kibodi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na baada ya hapo skrini ingemwita mtu huyu baba wa kambo kila atakapoketi mbele yake. Akautazama ule mstari wa kwanza. Mashine ilikuwa imesema kwa bahati mbaya kile ambacho yeye alikibana moyoni siku zote hizo, na dari haikuanguka.

"Huo wa juu haujakosea, baba."

Fundi aliinuka, akampa mgongo, akaketi kwenye cherehani na kuanza kuikanyaga kwa nguvu. Alishona na kushona, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.