Mang'ati wa Tatu

Violeth alimwita binti yake mara tatu aje amshikie ndama, na mtoto akakaa kimya kama anaitwa mwingine. Alipomfuata kumuuliza, mtoto akajibu kwamba mwalimu humwita Mang'ati wa Tatu. Jina lake ni Udangashega, ana miaka mitano, na jina hilo alipewa na bibi yake.

Mang'ati! Hilo Wadatoga, kabila lao, walibandikwa na watu wengine, na maana yake ni adui. Violeth akaenda kwa Mwalimu Getruda wa darasa la awali, akasema naye kwa adabu. Getruda akacheka. Akasema majina ya Kidatoga yanavunja ulimi, na watoto wenyewe wako kumi na wawili, bora namba. Violeth akarudi nyumbani kwa hasira, akaapa mwanamke yule atamlipa.

Haukupita mwezi, afisa elimu akaja shuleni hapo Basotu kukutana na wazazi. Wazee wengi Kiswahili hakiwapandi, na Getruda, bila haya usoni, akamwomba Violeth atafsiri, tena akamnong'oneza alainishe maneno. Violeth akakubali. Thubutu akatae bahati kama ile!

Getruda akasimama akitabasamu. "Nina Mang'ati kumi na wawili darasani, na wote nawapenda."

Violeth akawageukia wazee, akawaambia kwa Kidatoga kwamba mwalimu anasema ana maadui kumi na wawili darasani. La kupenda alilimeza.

Baba mkwe wake, mzee Gidabuday, akainuka na fimbo yake, na wazee wote wakainuka. Afisa akauliza kulikoni. Violeth akamweleza maana ya Mang'ati, kisha akamwomba afungue daftari la mahudhurio. Ikasomeka Mang'ati 1, Mang'ati 2, hadi 12. Afisa akamtaka mwalimu ataje japo jina moja la kweli. Getruda hakulijua hata moja.

Afisa akataja barua ya onyo. Violeth akakataa katakata. Alitaka Getruda ajifunze majina yote palepale, mbele ya watoto na wazazi wao, na akikosea moja arudi mwanzo. Afisa akaona ni haki.

Jua likapanda. Getruda alirudi mwanzo, akarudi tena, sauti ikamkauka, machozi yakamlengalenga. Violeth alikaa benchi la mbele akimtazama, na alisikia raha ambayo hakuionea aibu hata kidogo.

Kwenye jina la tatu Getruda akajikwaa tena. Mtoto mmoja akasimama mkekani.

"Sivyo, mwalimu. Mimi ni Udangashega. Anza upya."