Ukili wa Mize

Pandu alikuwa mkaushaji majani wa Bwana Harwell, Mzungu wa serikali pale Kizimbani. Bwana alikusanya kila kitu: mimea ya kukaushwa, vinu, mbuzi za kukunia nazi, ngoma. Mize, mkewe Pandu, alifariki akaacha bunda la ukili, mkanda wa ukindu aliousuka kwa mkeka wa chumbani, haujashonwa. Pandu hakuweza kuutazama. Baada ya arubaini akampa Bwana bure.

Mwaka 1955 Bwana akapata uhamisho. Masanduku yalipoanza kupigiliwa, Pandu chakula kikamshinda.

"Bwana, naomba ule ukili wa mke wangu."

"Nshauandika kitabuni. Niletee mwengine kama huo, uchukue wako."

Akaenda Makunduchi kwa Kazija, mdogo wake Mize.

"Shemegi, alipokuwa hai ukiuruka tu ukipita mlangoni," alisema Kazija. "Leo ndo umeuona?"

"Suka, Kazija."

"Nnasuka. Nyamaza, utanipotezea hesabu."

Alisukia ukindu aliouacha Mize, uliotiwa rangi chungu kimoja na ule wa kwanza. Mama yao ndiye aliyewafundisha wote wawili.

Sheria ya ghala la Bwana ilikuwa moja: kila kinachoingia hulala siku tatu kabatini, kwenye naftalini, wadudu wafe. Pandu akafanya kama alivyozoea, akauweka ukili mpya papo hapo penye wa zamani. Karatasi ya jina Bwana alikwisha kuichomoa ili aihamishie kwenye mpya.

Siku ya tatu Bwana akaweka mabunda yote mawili mezani.

"Haya, wako upi?"

Pandu akainama. Akapapasa. Akanusa, yote mawili naftalini tupu. Miaka ishirini Mize alisuka mbele yake. Aliikumbuka shingo yake, alikumbuka kidole cha mguu kilivyobana ncha ya ukili, hata alivyoguna akichoka. Kazi ya mikono yake hakuwahi kuitazama hata siku moja.

"Nikusaidie?"

"Naujua, Bwana," alisema Pandu, akachukua wa kushoto. Ule mwengine ukaingia sandukuni.

Idi ilipofika, Kazija akaja na shazia yake ya kushonea mikeka.

"Lete nikushonee, ulalie mkeka wa mkeo."

Bunda lilikuwa juu ya kabati, limefungwa magazeti. Kazija angeugusa mara moja tu, angejua kama ni mkono wake au wa dada yake.

"Bado," alisema Pandu. "Kaa kwanza unywe chai."