Isale la Sirili

Kwa miaka tisa niliigiza mke wa Sirili kwenye ukumbi wa parokia, Moshi mjini. Mchezo uliopendwa kuliko yote ni ule ambao yeye, mlevi, hunijia kwa magoti na isale mkononi, mmea ule wa majani marefu tunaopanda mipakani. Kwetu Wachagga, mtu akikujia na isale kuomba msamaha, humkatalii. Sirili alilifanya kichekesho: alilitafuna, akajifutia nalo jasho. Watu walicheka hadi machozi, nami nikacheka nao. Mungu atusamehe.

Mwaka 2000 akagombea udiwani huku Uru, kiti alichowahi kukalia marehemu baba yake, Mzee Leodegar. Nilimwambia wazi, "Wewe kazi yako kuchekesha. Siasa ilikuwa ya baba yako."

"Eliona," alinijibu, "kuna jambo baba hakulimaliza."

Jambo lenyewe tulilijua wote. Akiwa diwani, mzee aliufunga kwa mawe mfereji uliokwenda kwa mjane Dominika, maji yote yakaingia kwenye kahawa yake mwenyewe. Kahawa ya mama yule ikakauka. Miaka kumi na sita mzee alipita mbele ya nyumba ile bila kugeuza shingo, hadi akafa.

Siku ya mkutano wa kampeni Sirili alishuka jukwaani na isale mkononi, akaenda moja kwa moja alipoketi Mama Dominika, akapiga magoti. Uwanja ukaangua kicheko.

"Litafune!" mtu akapiga kelele.

Nilimkazia macho. Sirili akitaka kulia jukwaani hupepesa macho mara tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Safari hii hakupepesa. Isale hakulitafuna, alilinyoosha tu mbele ya mama. Kicheko kikafifia chenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema. "Baba yangu alikukosea, na sisi wanawe tumekula kwa kosa lile."

"Marahaba. Nitajuaje kama si mchezo?"

"Hutajua, mama. Twende mferejini."

Tukamfuata wote, hata Kornel, mpinzani wake. Sirili akavua viatu, akaingia majini, akaanza kung'oa mawe ya baba yake kwa mikono. Ndugu zake walisimama wakitazama maji yakiiacha kahawa yao. Yaliingia polepole kwenye mfereji mkavu, yakasukuma majani yaliyooza, yakateremka kwa Dominika.

Mama Dominika akanyoosha mkono, akalipokea isale.

"Baba yako nimemsamehe," alisema. "Ila kura yangu nilishamwahidi Kornel, na mimi nikiahidi nimeahidi."

"Asante, mama," alisema Sirili, matope hadi magotini. Hapo ndipo alipolia.

Alishindwa kwa kura kumi na nne. Mchezo ule hatujaucheza tena. Isale Mama Dominika alilipanda ukingoni mwa mfereji, likashika, na mimi kila nikipita pale navua kandambili.