Picha ya Uthmani Ukutani

Mume wangu Uthmani alikuwa fundi wa mbabula hapa Buyenzi. Alinunua vyuma chakavu, akavikata, akatengeneza majiko ya makaa. Siku moja aliletewa gunia la vyuma, na ndani mlikuwa na bomu la zamani, limeliwa na kutu hadi halina sura. Alipoligonga kwa nyundo, likamuua palepale. Ni miaka mitatu sasa.

Mwaka huu chuo kikuu kimoja kilianza kufundisha polisi namna ya kutambua mabomu. Afande mmoja wa kike, Benite, alikuja nyumbani mara mbili, akauliza kwa heshima, akaandika. Mwishowe akaniomba nifike darasani kwao, Rohero, niwaeleze kwa nini fundi mwenye akili zake apige bomu kwa nyundo. Hilo walimu wake walishindwa kulielewa. Nikakubali. Mafundi wa Buyenzi bado wananunua vyuma, na kunyamaza na jambo la kuokoa mtu ni dhambi.

Nilipoingia, mwalimu wao, Profesa Marcellin, alikuwa ameshaanza somo. Ukutani palikuwa na picha kubwa, inarushwa pale na taa ya mashine. Ni Uthmani. Amelala chali, shati limepasuka lote, tumbo wazi. Chini wameandika kwa Kifaransa: kosa la ujinga.

Sisi maiti tunamwosha chini ya shuka. Hata mwoshaji hatazami, anapitisha mkono tu. Mimi, mkewe kwa miaka ishirini na mbili, siku ile walinikataza kumwona. Sasa polisi arobaini wanamtazama huku wanakunywa Fanta.

Nikamwomba profesa aitoe. Akanijibu polepole, kama anayesemesha mgonjwa, kwamba picha inafundisha kuliko maneno, na kwamba niseme kwanza, mengine tutayaona baadaye. Nikawaza, nikikataa, atakayeumia ni mume wa mwenzangu. Nikasema.

"Fundi anajua chuma kwa sikio. Akipata asichokijua, anakigonga kidogo, anasikiliza. Cha gari kinalia hivi, cha bomba kinalia vile. Uthmani hakupiga, profesa. Aligonga, kama we unavyogonga mulango wa watu. Muende muwaambie mafundi wasigonge kitu wasichokijua."

Kalamu zote zikakimbia. Marcellin alifurahi mpaka akavua miwani. Akasema hilo hajalisoma katika kitabu chochote, ataliweka katika utafiti wake. Benite akamkumbusha habari ya picha.

"Apana," profesa akasema. "Maneno ya chini tutabadilisha. Lakini picha, sasa ndiyo tunaihitaji zaidi. Ona ule mukono, mama, umeinama kama wa mutu anayegonga, vile vile ulivyosema."

Nikavua mtandio wangu wa juu, nikabaki na hijabu, nikautundika pale ukutani. Uthmani akatokea juu ya mtandio wenyewe, na tumbo lake wazi. Polisi mmoja nyuma akamwambia mwenzake kwa Kirundi kuwa mama anatandika kitanda, wakacheka.

Basi nikaiendea mashine yenyewe, nikasimama mbele yake, mgongo umegusa taa. Ukuta ukawa mweusi.

"Mama, tumebakiza saa moja ya somo," profesa akasema.

"Hiyo saa mi niko nayo."

Nikaanza kumsomea Uthmani sura ya Yasini, kwa sauti ya chini. Profesa akatazama saa yake. Hakuna aliyekuja kunitoa, na hakuna aliyeizima mashine.