Barabara Haimjui Tausi

Nyumba za kampuni ya shaba pale Shituru zilifanana kama mayai ya kuku mmoja: mlango mmoja, madirisha mawili, choo nyuma, ua mbele. Damas, fundi wa umeme, aliwahi kurudi na pombe yake kichwani, akaingia, akavua viatu, akalala. Alipoamka ndipo akatambua kwamba mwanamke aliyekuwa akimpigia kelele hakuwa mke wake. Watu walicheka mwezi mzima, na mwenye kuongoza kicheko alikuwa Kibibi, mke wa Asani. Kibibi alijaliwa mdomo. Kama kampuni ingelipa watu kwa utani, angekuwa amejenga ghorofa.

Lakini utani ule ulikuwa wa zamani, kabla mdomo wake haujamfanyia kitu ambacho hakikumtoka tena.

Kiwandani kazi ilikwenda kwa posti tatu, yaani zamu, na king'ora ndicho kilichowagawia watu siku zao. Mwanamume aliyetoka posti ya usiku alilala mchana, na usingizi wake uliheshimiwa kuliko hotuba za redioni, maana hotuba mtu aliweza kuisinzilia. Kwa hiyo kila mchana, katika kila mstari wa nyumba, kulikuwa na wanawake wenye mifagio wakifukuza watoto. "Batoto, inje! Baba iko analala!" Watoto wakifukuzwa hapa walihamia kwa jirani, wakifukuzwa kwa jirani walihamia mbele. Hakuna aliyeuliza mbele kulikuwa wapi. Walirudi na njaa jioni, basi.

Masika mawili nyuma, Asani alikuwa amelala. Tausi, binti yao, alikuwa na miaka minne na homa, naye amelala ndani. Uani watoto wanne walikuwa wakiruka kamba, waya wa umeme uliochakaa. Pa, pa, pa. Kibibi alitoka na ufagio.

"Bana ya shetani, bwana yangu atakufa na usingizi! Endeni mbali kule, nisisikie hata sauti yenu!"

Simone, binti wa Berthe wa nyumba ya nne chini, alikuwa na miaka minane na yeye pia alijaliwa mdomo. Aligeuka, kamba begani, akauliza kwa adabu ya uchokozi:

"Mbali mpaka wapi, mama?"

"Mpaka kwenye masikio yangu inaishia!"

Watoto walicheka. Kibibi mwenyewe alicheka, akaingia ndani akiwa ameridhika na jibu lake.

Wakaenda mpaka mfereji mkubwa ulio kando ya reli. Shituru jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, na maji hayakutuma habari. Yalifika mara moja, mekundu, na matawi ndani yake. Watatu walipanda juu. Simone hakupanda. Wanaume walimpata siku ya tatu karibu na daraja la reli, na walipomleta, sanduku lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari. Berthe aliomba lifunguliwe kidogo tu, aone. Wakamwambia haifai, mama, umukumbuke vile alikuwa.

Pale matangani Kibibi alipika, alichota maji, alilia na wenzake. Lile jibu lake hakulisema kwa mtu.

Mwaka uliofuata serikali ilifuta majina ya Wazungu. Watu walipanga mstari ofisini, wakaingia Germain wakatoka Kasongo, wakawa wanaitana sitwayeni, yaani mwananchi, kwa sauti ya kuigiza. Kwenye kitambulisho Berthe sasa aliitwa Ngoie. Wafu peke yao hawakuitwa kwenda kubadilisha. Na kwa kuwa mwanamke huitwa kwa mtoto wake, barabara nzima iliendelea kumwita Berthe "Mama Simone", kila siku, asubuhi na jioni, na kila mara Kibibi alihisi kama mtu amemgusa shingoni kwa mkono wa baridi.

Alimfungia Tausi. Asani alileta mabati na nguzo za chuma, wakaweka geti, na geti likafungwa kwa waya uliosokotwa mara saba. Mtoto alikua ndani ya ua ule kama mche ndani ya kopo. Alijua kila jiwe la uani, hakujua duka liko wapi.

"Mama Tausi," Asani alisema, "hata kuku ya Damas iko na uhuru kupita mutoto yangu."

"Kuku ya Damas mwisho yake ni mu sufuria."

"Sasa mutoto ataingia shule mwezi wa tisa. Utaenda kukaa naye pa benchi?"

"Kama mwalimu anakubali, nitakaa."

Asani alicheka. Yeye alidhani ni mzaha.

Kuna kitu ambacho Kibibi hakumwambia. Mchana, mume akiwa amelala, Tausi akichora mavumbini kwa kijiti, ua ukiwa kimya kabisa, alisikia kamba. Haikuwa karibu. Ilitoka nyuma ya nyumba, au nyuma ya nyumba ya nyuma: pa, pa, pa. Akitoka kutazama, hapana mtu. Akirudi ndani, inaanza tena, mbali kidogo zaidi. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba. Ndipo akagundua kwamba masikio yake hayakuwa na mahali yanapoishia.

*

Mwezi wa saba, baridi ya kiangazi ikikausha midomo, kikosi cha wapaka rangi wa kampuni kilifika kwenye mstari wao. Mlango wa Asani ulikuwa wa buluu, mlango pekee wa buluu kwa urefu wote wa barabara, kwa sababu aliwahi kupata kopo la rangi kwa njia ambazo hakupenda kuzieleza. Msimamizi wa kikosi alicheka. Kwanza wakaling'oa geti, wakaliegemeza ukutani ili likwanguliwe kutu, ndipo mlango ukapakwa kijani kama mingine yote. Kisha wakaenda kunywa chai ya saa nne.

Kibibi alikuwa ametoka kwenda kupokea posho ya mwezi, unga, maharage na samaki wa chumvi. Alimwacha Tausi amekaa mlangoni kwa baba yake aliyelala. Mstari wa posho ulikuwa mrefu. Aliporudi na mzigo kichwani, alipita nyumba yake mwenyewe bila kuitambua, akarudi nyuma, akahesabu. Geti halikuwepo. Pale mlangoni palikuwa na kijiti cha kuchorea.

"Asani! Mutoto iko wapi?"

Asani aliketi kitandani, macho yamejaa mchanga wa usingizi. "Si iko pa mulango?"

Asani hakungoja viatu. Yeye alishika njia ya reli, Kibibi alishika barabara. Alikuta watoto sita wakicheza na gurudumu la baiskeli. Mkubwa wao alikuwa Philomène, wa miaka kumi, ambaye shuleni alikuwa ameshapewa jina lingine lakini nyumbani hakuna aliyelikumbuka.

"Philomène, mama yangu, umeona Tausi?"

Watoto walitazamana.

"Tausi iko namna gani, mama?"

"Namna gani nini? Tausi! Mutoto yangu!"

"Hatumujue tena sura," Philomène alisema, bila ubaya wowote. "Tunasikiaka tu unamuita mule ndani. Mutoto moja alipita hapa asubuhi, alikuwa analia. Tulizani ni mugeni, alikuja kutembelea batu."

"Na hamukumuuliza?"

"Tulimuuliza nyumba yake ni gani. Akasema ni ya mulango ya buluu. Tukamwambia huku haina mulango ya buluu."

Kibibi alishika kichwa. Mtoto mwingine yeyote wa Shituru, hata akipotea mbele ya kiwanda, angerudishwa na mikono kumi kabla hajamaliza kulia: huyu ni wa Damas, huyu ni wa fundi mitambo, mpelekeni. Wake alikuwa amesimama hatua thelathini kutoka kwao akiulizia nyumba, na barabara ikamwambia haipo.

Aligonga milango. Aligonga yote, mmoja baada ya mwingine, juu na chini, isipokuwa mmoja. Kisha miguu ikampeleka kule ambako moyo wake ulikuwa umekwisha kufika. Mfereji ulikuwa mkavu. Chini kulikuwa na majani, kopo, mfupa wa mbuzi. Aliita, "Tausi! Tausi ee!" na saruji ikamrudishia sauti imepungua. Akashuka ndani, akatembea kwenye ule udongo mwekundu uliopasuka akigeuza majani kwa mguu, kana kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kulala chini ya jani.

Ndipo akasikia kamba.

Pa, pa, pa. Safari hii haikusogea mbali. Alipanda, akaifuata. Ilimvusha reli, ikampitisha nyuma ya vyoo, ikamwingiza kwenye ua ambao hakuukanyaga tangu matanga.

Kamba ilikuwa imefungwa ncha moja kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa Berthe, aliyekaa kwenye kigoda, akiizungusha taratibu. Katikati aliruka msichana mwenye gauni la Jumapili lililomzidi, jeupe, la kola, na nywele zilizosukwa upya mistari minne. Alikuwa ameipa njia mgongo. Kibibi aliujua mgongo ule, na hakujua ni wa nani.

"Ongeza, Simone," Berthe alisema. "Ongeza, umefika kumi na mbili."

"Kumi na tatu!" msichana akapiga kelele, akageuka, naye alikuwa Tausi, amelowa jasho, akicheka kicheko ambacho mama yake hakuwahi kukisikia ndani ya ua wao.

Kibibi aliketi chini palepale alipokuwa.

Berthe hakushtuka. Aliiacha kamba ilale. "Mama Tausi. Karibu. Unatafuta mutoto?"

"Mama Simone..."

"Nilitoka kuchota mayi. Kurudi, nakuta mutoto analala mu kitanda ya mutoto yangu, na machozi yake yote. Mulango yangu siifungake. Tangu ile siku." Alikuwa akizungumza kama mtu anayeeleza bei ya mchicha. "Balifunga sanduku, sikuona ndani. Nikajiambia, labda ni mawe. Labda mutoto alipotea tu njia, siku moja ataingia, atakuta mulango wazi. Leo nilikuta ameingia. Nilimuosha. Nilimusuka. Nilijua si yeye, mama. Kichwa yangu ilijua. Mikono ndiyo ilikataa."

Tausi aliwatazama wawili hao, mmoja baada ya mwingine, akaanza kukunja pindo la gauni.

"Ni mimi nilibafukuza ile siku," Kibibi alisema.

Maneno yalitoka yenyewe, bila utani wa kuyapaka. Akaeleza yote: ufagio, kamba, swali la mtoto, jibu lake, na kwamba alicheka. Mwisho akasema, "Ndiyo vile. Unipige kama unataka."

King'ora kililia kule kiwandani, posti ya asubuhi ikaanza kutoka.

"Ninajua," Berthe akasema. "Philomène alikuwa nabo, aliniambia ile siku ileile. Hata ile ya masikio. Nilikungoja uniambie weye. Miaka mbili nikipita pa geti yako, nikisema leo atatoka, leo ataniambia. Weye unaongeza waya."

"Na hukunitukana?"

"Ningekutukana na mudomo gani?" Berthe aliinua ncha ya kamba, akaiweka chini tena. "Germain, bwana yangu, na yeye alikuwa posti ya usiku. Asubuhi ile nilimufukuza Simone humu. Nikamwambia, enda kwa Mama Tausi, kule uwanja ni mukubwa."

Hakuna aliyelia. Walikaa, mmoja chini, mmoja kwenye kigoda, na mtoto katikati yao katika nguo ya mwingine.

"Mama," Tausi akauliza, "nyumba yetu ilienda wapi?"

Berthe alicheka, kicheko kikavu, cha kwanza Kibibi kukisikia tangu masika yale. Kisha akamvua mtoto lile gauni, akamvisha lake, akalikunja gauni jeupe na kulipeleka ndani.

Aliporudi alisema, "Unaweza kumufungia tena. Waya ingali iko. Lakini leo ulimupoteza mu urefu ya nyumba nne, Mama Tausi. Nne tu."

*

Asani alirudi relini mikono mitupu, akamkuta mtoto nyumbani, akaenda zake posti; usiku ule Kibibi hakulala. Alimpikia Tausi uji, akampaka mafuta. Asani alirudi kutoka posti, akaoga, akaingia kulala. Wapaka rangi walikuwa wamelirudisha geti mahali pake; Kibibi aliuchukua ule waya, akauviringisha, akaenda kuutupa chooni kabla hajabadili nia.

Philomène na wenzake walipita na gurudumu lao.

"Philomène! Huyu ni Tausi. Mumuangalie vizuri sura. Muone na alama ya kuungua pa mukono. Mukimuona popote, ni wa hapa, wa geti hii."

Watoto walimzunguka Tausi, wakamkagua kwa makini kama wanunuzi wa mbuzi. Mmoja akamshika sikio. Mwingine akasema, "Weye unajua kukimbia?" Tausi akasema anajua, ingawa hakuwahi kuwa na mahali pa kukimbilia.

"Mufereji hapana," Kibibi alisema. "Reli hapana. Mawingu ikiwa kule pa mulima, hata hapa jua inawaka, munarudi."

"Ndiyo, mama."

"Na mukichoka, kujeni muchezee hapa."

"Si baba iko analala?"

"Atalala na kelele. Si mwanamume?"

Walicheka, wakaondoka. Tausi alikimbia nyuma yao vibaya, magoti yakigongana, akaanguka, akainuka bila kutazama nyuma. Kwenye kona walimngoja. Kisha kona ikawa tupu.

Kibibi alisimama getini. Vidole vyake vilikuwa vimeshika bati. Alihesabu sauti zilivyokuwa zikienda, kicheko, gurudumu, jina la binti yake likitamkwa na mtu mwingine, mpaka hakuweza kutenganisha ipi na ipi. Hakuita.

Nyuma yake mlango ulifunguka. Asani alitokea amejifunga shuka, akipikicha macho.

"Juu ya nini kimya hivi? Mutoto iko wapi?"

"Iko inje."

"Inje wapi?"

Kibibi aliitazama ile kona.

"Sijue," akasema.

Asani akaja, akasimama kando yake na shuka lake katika ile baridi, na wote wawili wakangoja.